Kina Hakimo Kisahanini

Akiba haiozi, walisema wazee wetu, na kauli hiyo imekuwa ngao ya kila mwenye kuweka. Mwenye kuweka nafaka ghalani huitaja, na mwenye kuweka kaure kabatini huitaja pia, ili asidhaniwe kuwa ni bakhili. Hata hivyo, viko vitu ambavyo huoza vikiwa akibani, na viko vyengine ambavyo haviozi, lakini maadamu vimefungwa huwa ni kama havipo. Katika makala haya nataka kulitazama suala hili kupitia kitu ambacho kwa sura yake ni duni kabisa: visahani vya karatasi ngumu vyenye picha ndogo ndogo za rangi, pamoja na vyombo vya kutazamia picha hizo. Huko Marekani na Ulaya wako watu wanaovikusanya kwa bidii, wakavipanga kwa namba na kuvilipia bei kubwa. Marekani ina chama cha taifa cha wapenzi wa picha za namna hii tangu mwaka 1974. Swali langu ni la maadili. Mtu aliyekusanya picha zilizofanywa ili zitazamwe, je, ana haki ya kuzifunga zisitazamwe? Na kama hana haki hiyo, anadaiwa nini, na nani anayemdai?

Kwanza tukijue kitu chenyewe. Chombo mashuhuri zaidi cha aina hii huitwa View-Master. Kilibuniwa na William Gruber, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia mji wa Portland katika jimbo la Oregon, ambaye kazi yake ilikuwa ni kurekebisha sauti za piano na mapenzi yake yalikuwa ni kupiga picha. Mwaka 1938 alikutana na Harold Graves, mkuu wa kampuni ya Sawyer's iliyokuwa ikichapisha kadi za posta, na mwaka uliofuata chombo kikaingia sokoni. Kila kisahani kina picha 14, ambazo ni jozi 7. Kila jozi ni mandhari moja, iliyopigwa kwa lenzi mbili zilizoachana kidogo, mfano wa macho ya mwanadamu yalivyoachana. Mtazamaji hukitia kisahani ndani, hukielekeza chombo kwenye mwanga, na kila akibonyeza kijiti cha pembeni jozi moja huondoka na nyengine ikaja. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili jeshi la Marekani lilinunua visahani kwa mamilioni ili kuwafundisha askari wake kutambua ndege na kukadiria masafa. Baada ya vita vilikuwa ni vitu vya watalii, kisha vya watoto. Mnamo mwaka 2008 utengenezaji wa visahani vya mandhari ya miji na nchi ulikomeshwa.

Kanuni ya chombo hiki ni kongwe kuliko chombo chenyewe. Mwaka 1838 mwanasayansi Mwingereza, Charles Wheatstone, aliwaeleza wanachama wa Royal Society ya London kwamba macho yetu mawili hayakioni kitu kimoja kwa namna moja. Atakaye kuhakikisha na anyooshe kidole mbele ya uso wake, afumbe jicho la kulia kisha la kushoto. Ataona kidole kikiruka kutoka upande mmoja kwenda wa pili mbele ya ukuta. Akili huzipokea habari hizo mbili zisizolingana, na badala ya kuikataa moja huziunganisha, ikapata jambo ambalo halikuwemo katika yoyote kati yao, nalo ni umbali. Wheatstone alilithibitisha hilo kwa chombo cha vioo na michoro ya mistari mitupu, kwani sanaa ya kupiga picha ilikuwa bado haijatangazwa hadharani. Baadaye David Brewster wa Uskochi alibuni chombo cha lenzi, na kilipoonyeshwa katika Maonyesho Makubwa ya London ya mwaka 1851, picha pacha zikaanza kuenea majumbani.

Hapa ndipo tafakuri inapoanza. Chukua kisahani kimoja, ukipasue kwa wembe na ukikague kwa hadubini. Kina hutakikuta. Utakuta picha 14 bapa, kila moja ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Bonde la Grand Canyon halimo katika picha ya kushoto, wala halimo katika ya kulia. Huchimbika pale mtu anapoyaweka macho yake kwenye lenzi, na hujifukia pale anapoyaondoa. Basi aliyenunua kisahani amenunua nini? Amenunua karatasi na filamu, na juu ya hivyo amenunua jambo linaloweza kutokea lakini halijatokea. Nusu ya kitu iko mkononi mwake. Nusu ya pili iko katika kichwa cha kila atakayetazama, na hiyo hawezi kuiuza wala kuifungia, kwa kuwa haikupata kuwa yake.

Mkusanyaji mwenye kufunga ana hoja, na si haki kumpuuza. Kuanzia miaka ya 1950 visahani viliuzwa aghalabu katika pakiti za visahani 3, yaani jozi 21 za picha, pamoja na kijitabu cha maelezo. Pakiti ambayo haijafunguliwa huwa na bei kubwa kuliko iliyofunguliwa. Lakini tumdhanie mema mtu wetu, tuseme kwamba hatafuti faida na anafunga kwa mapenzi. Atatwambia kwamba kila mkono unaogusa huacha mafuta, kila kubonyeza hukwaruza, na kila mwanga hula rangi. Na katika hili la rangi elimu iko upande wake. Visahani vya zamani vilitengenezwa kwa filamu ya Kodachrome, iliyoletwa na kampuni ya Kodak mwaka 1935. Filamu hiyo ina tabia ya ajabu. Ikiwekwa gizani, rangi zake hudumu kupita karibu filamu zote za rangi za zama zake. Ikimulikwa mara kwa mara kwa taa kali, huchujuka upesi kuliko baadhi ya wenziwe. Kwa maneno mengine, kitu kilichofanywa kitazamwe hudumu kwa kutotazamwa. Kodak iliacha kuitengeneza mwaka 2009, na maabara ya mwisho iliyokuwa ikiisafisha, huko Parsons katika jimbo la Kansas, iliacha kuipokea mwishoni mwa mwaka 2010. Hakuna tena atakayeweza kutengeneza kisahani kipya cha aina ile. Je, si bora kufunga?

Ningelikubali lau kufunga kungelikuwa daima ndiko kuhifadhi. Katika miaka ya 1970, kampuni ya View-Master ilipokuwa mikononi mwa GAF, Kodachrome iliachwa na filamu nyengine ikatumiwa. Rangi za filamu hiyo hazikustahimili hata giza. Buluu na kijani hudhoofika zenyewe, taratibu, hadi picha nzima ikabaki na wekundu mtupu. Kwa hivyo mtu anaweza kuwa na pakiti ya miaka ile, iliyofungwa tangu kiwandani, ameitunza mbali na jua na unyevu, na ndani yake bahari ikawa imeshageuka nyekundu miaka mingi iliyopita. Hajui hilo, na kwa sharti alilojiwekea mwenyewe hawezi kulijua, kwa sababu kujua ni kufungua. Anachokihifadhi ni ule ufungwaji wenyewe, na huo haukuwa na uzuri tangu mwanzo.

Sisemi kwamba kila kufunga ni kosa. Mbegu nayo hufungwa, lakini hufungwa kwa ajili ya msimu unaojulikana, na mwenye kuifunga huikagua asije akapanda makapi. Mwenye kuhifadhi anaweza kukwambia anamhifadhia nani, ilhali mwenye kuficha hana jina la kukutajia. Na khofu ya mwanga nayo ina kipimo chake. Kuzipitia jozi 7 kwa mwanga wa dirishani ni kazi ya dakika chache, na rangi inayoliwa kwa dakika hizo si sawa na ile inayoliwa na taa ya kuonyeshea picha ukutani ikiwaka saa nzima. Anayekataa hata dakika hizo haogopi tena hasara ya picha. Anaogopa hasara ya bei.

Mgogoro huu haukuzaliwa jana. Mwaka 1859 Oliver Wendell Holmes, tabibu na mwandishi wa Boston, alichapisha katika jarida la Atlantic Monthly makala juu ya chombo cha picha pacha. Alidai kwamba kuanzia hapo umbo limetengana na maada: mtu akishapata picha chache za kitu zilizopigwa kutoka pembe mbalimbali, kitu chenyewe hakimhitajii tena, na akitaka aweza hata kukivunja au kukichoma moto. Akatabiri kwamba watu watawinda kila kilicho kizuri duniani kama wanavyowindwa ng'ombe wa Amerika ya Kusini, kwa ajili ya ngozi, huku mizoga ikiachwa nyuma. Ni maneno ya kutisha, na sijui mkusanyaji mwenye moyo ambaye hayatamgusa. Lakini Holmes huyo huyo, katika makala hayo hayo, alipendekeza iundwe maktaba kubwa ya picha pacha, iliyopangwa kwa utaratibu, ambamo kila mtu angeweza kuikuta sura ya kitu atakacho kukiona. Na alipobuni chombo chepesi cha mkononi mwaka 1861, aliacha kwa makusudi kujisajilia haki ya ubunifu, ili yeyote aweze kukitengeneza. Katika mtu mmoja, basi, tunawakuta wawili: mwindaji wa ngozi na mfunguzi wa maktaba. Kila mkusanyaji anao wote wawili ndani yake, na jinsi anavyolishika kabati lake ndiyo inayoonyesha ni yupi aliyeshinda.

Kosa la yule mwindaji ni kudhani kwamba kuona ni kumiliki, na kwamba kuona ni kufika. Kampuni za picha pacha zililifanya kosa hilo kuwa biashara. Underwood & Underwood ya Marekani iliuza masanduku ya picha pamoja na vitabu na ramani zenye namba, ili mnunuzi akiwa kitini aelezwe amesimama wapi na anaelekea wapi. Jesse Lyman Hurlbut aliandika kitabu cha namna hiyo juu ya Nchi Takatifu mwaka 1900, na James Henry Breasted, mwanachuoni mkubwa wa historia ya Misri katika Chuo Kikuu cha Chicago, akaandika chengine mwaka 1905, kikiwa na safari ya picha 100 katika bonde la Naili. Elimu iliyomo humo ni ya kweli. Lakini mnunuzi aliahidiwa zaidi ya elimu: aliahidiwa kuwa amesafiri.

Sisi tunao mfano wa kulipimia dai hilo. Mahujaji wanaporudi kutoka Makka huwaletea watoto vidude vya plastiki mfano wa kamera ndogo, vyenye picha za Kaaba na za Msikiti wa Mtume Madina. Mtoto hubonyeza, picha ikabadilika. Ni ndugu wa mbali wa View-Master, ingawa aghalabu picha zake ni bapa na hutazamwa kwa jicho moja. Hakuna mtoto hata mmoja aliyepata kuitwa haji kwa kubonyeza kitufe kile. Kila mtu nyumbani anajua kwamba picha ile haikufanywa ishike nafasi ya safari. Imefanywa ili safari itamaniwe, na aliyeileta amekwishakwenda na kurudi. Holmes alisema kwamba aliye na picha hakihitaji kitu. Kidude kile kinasema kinyume chake: picha ina maana kwa sababu kitu kipo, na kinakuita.

Lakini vipi pale ambapo kitu hakipo tena? View-Master ilitoa visahani vya Maonyesho ya Dunia ya New York ya mwaka 1964 na 1965, na baada ya maonyesho kwisha sehemu kubwa ya majengo yale ilibomolewa. Hapo picha haiwezi kumwita mtu aende popote, imekuwa shahidi. Na shahidi aliyefungiwa asiseme amedhulumiwa, na waliokuwa wakimtegemea wamedhulumiwa pamoja naye. Kadiri vinavyopungua vile vilivyopigwa picha, ndivyo haki ya mkusanyaji ya kukaa kimya inavyopungua.

Liko pia deni ambalo wakusanyaji hawalitaji sana, nalo ni deni la waliotazamwa. Macho hayana pazia, lakini aliye mbele ya lenzi aliweza kupenda au kutopenda kutazamwa, na mara nyingi hakuulizwa. Kuanzia mwaka 1948 Gruber alishirikiana na mtaalamu wa anatomia, David Bassett, katika kutengeneza atlasi ya mwili wa binadamu kwa picha pacha. Ilitolewa sehemu kwa sehemu kati ya mwaka 1952 na 1962, ikiwa na jozi 1,547 za picha katika visahani 221. Ni kazi yenye ustadi usiokanika, na imewafundisha madaktari wengi. Hata hivyo, mtazamaji wa atlasi ile hapewi mtu. Anapewa msuli, mshipa na neva. Daktari mwanafunzi ana udhuru wa kutazama, kwa sababu anajifunza ili atibu. Mkusanyaji anayeitafuta atlasi hiyo kwa kuwa ni adimu hana udhuru ule, na analazimika kujiuliza anapoyaweka macho yake kwenye lenzi anatazama nini: kitu adimu, au maiti ya mwanadamu ambaye kina cha mwili wake sasa kinafunguka ndani ya kichwa cha mtu mwengine?

Sidhani kwamba jawabu ni kuyafumba macho. Jawabu ni kutazama kwa namna inayomrudishia aliyetazamwa kitu fulani, na mfano mzuri upo. Katika miaka ya 1850 mpigapicha Mwingereza, T. R. Williams, alitoa mfululizo wa kadi 59 za picha pacha za maisha ya kijijini, asikitaje kijiji. Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen na mkusanyaji wa miaka mingi, alizitafuta kadi hizo moja baada ya moja, na mwaka 2003 akafanikiwa kukitambua kijiji chenyewe: ni Hinton Waldrist, katika mkoa wa Oxfordshire. Mwaka 2009, pamoja na mtafiti Elena Vidal, alizichapisha picha zote kitabuni, wakaeleza walichokipata juu ya mahali pale na watu wake, na wakaambatanisha chombo cha kutazamia ili msomaji apate kuona kina kwa macho yake. Huko ndiko kukusanya kunakolipa deni. Aliyekuwa umbo tu mbele ya nyumba amerudishiwa kijiji chake. Mali bila daftari hupotea bila habari, husema wafanyabiashara. Na watu nao hupotea hivyo hivyo.

Msomaji wa leo atauliza: kwani picha zote hizi si zinaweza kunakiliwa kwa kompyuta, kila mtu akaziona bila ya kumsumbua mwenye kabati? Ni kweli, na ni jambo jema. Chuo Kikuu cha California huko Riverside kimerithi hazina ya kampuni ya Keystone, yenye negativu zaidi ya 250,000, na maktaba kubwa za Marekani zimeweka maelfu ya kadi kwenye intaneti. Lakini nakala iliyo kwenye kioo bapa inatupa zile picha mbili zikiwa ubavu kwa ubavu. Kina haitupi, mpaka apatikane mwenye chombo au mwenye kujua namna ya kuyafunza macho. Kwa hivyo mkusanyaji hajaondolewa wajibu. Anabaki na jambo ambalo nakala haina: uwezo wa kumpa mtu chombo mkononi, akamwelekeza dirishani, na akamngojea mpaka aseme ameona.

Nasi tusidhani kwamba mambo haya ni ya Wamarekani peke yao. Katika nyumba za mawe za pwani yetu kaure ziliwekwa ndani ya zidaka ukutani. Hazikuliwa chakula, lakini hazikufichwa: kila mgeni aliyekaribishwa ndani aliziona. Wale wazee waliijua njia ya kati baina ya kutumia na kuficha. Lakini ziko pia familia zenye masanduku ambamo mna miswada ya tenzi kwa khati ya Kiarabu, iliyoandikwa na babu, ambayo haionyeshwi kwa mtu kwa khofu ya kuibiwa au kuharibika. Khofu hiyo ina sababu zake, na mimi si wa kuicheka. Lakini utenzi nao ni kama kisahani: nusu yake imo katika wino, na nusu ya pili imo katika sauti ya atakayeusoma. Mchwa hula nusu ya kwanza. Ukimya hula ya pili, nao hauachi hata vumbi.

Jawabu langu kwa swali la mwanzo, basi, ni kwamba mkusanyaji si mmiliki kamili na hawezi kuwa. Ni mwenye amana, na amana ina wenyewe wengi: waliotazamwa, wanaotaka kutazama, na wale ambao bado hawajazaliwa. Anawadaiwa wote, na madeni hayo hugongana. Kuwapa wa leo ni kuwapunguzia kidogo wa kesho. Kuwawekea wa kesho kila kitu ni kuwanyima wa leo, na pengine ni kuwawekea wekundu mtupu. Hakuna kanuni itakayomwondolea kazi ya kupima. Lakini afungue ili ajue alicho nacho. Aandike ni nani na ni wapi, kadiri inavyojulikana. Amwite mtoto wa jirani dirishani na kumpa chombo. Na kabla hajafa amteue atakayevipokea, kwa sharti kwamba naye atavionyesha. Baada ya hapo, na avirudishe kabatini bila ya wasiwasi.